Stendi za kufunga mtini: ya chuma, ya kusubu, nyepesi kabisa au ile ya kukaa kwa raha, ipi inakufaa?

Kwa sisi tulioko huku Minnesota, na najua wapo wengine Iowa, Ohio, Kentucky mpaka Maine, ambao tumeanza kuingia porini kutafuta kulungu wa mkia mweupe, ikifika Agosti swali ni lilelile, ninunue dungu gani. Nasema dungu maana ukiondoa aluminiamu na mikanda kitu chenyewe ni dungu tu, unakaa juu unamsubiri mnyama, ila lile la shamba la mpunga unalijenga ukafukuze ndege na nguruwe kwa makelele na hili unalibeba mgongoni ukakae kimya masaa manne kwenye baridi. Wakenya wengi hawajawahi hata kuona mtu akiwinda kihalali maana kwao ilipigwa marufuku 1977, Watanzania tunajua habari za leseni za TAWA, mamlaka ya wanyamapori, na wageni wanaokuja na bunduki zao, lakini hii ya kukaa mtini na upinde ni mpya kwa karibu wote, kwa hiyo naandika kwa anayeanza kabisa.

Naongelea aina moja tu, ile ya kufunga, yenye jukwaa na kiti vilivyoshikana na mhimili mmoja. Unaifunga kwenye mti kwa mkanda au mnyororo na unapanda kwa vijiti vya kupandia (vipande vya ngazi vyenye hatua, unavifunga mtini kimoja juu ya kingine) ambavyo unanunua pembeni. Siongelei ile ya vipande viwili unayojisukuma nayo mpaka juu, hiyo ni tamu sana ukipata mti ulionyooka usio na tawi, ila huku kando ya mito mialoni ina mikono kila upande na miti mingi imepinda, utazunguka nayo msituni mpaka jua litoke hujapata mti. Siongelei ngazi ndefu yenye kiti juu, ile inataka watu wawili watatu kuisimamisha na ikishasimama imekaa hapo. Na ile ya kuning'inia kwenye hanesi (mikanda ya kuvaa mwilini) ambayo vijana wamehamia kwa wingi, hiyo ina habari zake na watu wake, tuwaachie. Ya kufunga faida yake kubwa ni kwamba inakubali karibu mti wowote wenye afya, mnene kiasi, hata uliopinda.

Sasa kabla hujaangalia bei wala uzito jiulize hii stendi nitaihamisha mara ngapi. Watu wanaanza na "ipi nyepesi" au "ipi ya bei poa" wanaishia na kitu kizuri kisichowafaa. Kama una jamaa mwenye shamba, Mmarekani mliyefanya naye kazi akakukaribisha kwake, stendi inapanda mwezi wa tisa inashuka msimu ukiisha, uzito unaubeba mara mbili tu kwa mwaka na raha ya kukaa ndo kila kitu. Ardhi ya umma hesabu inageuka kabisa. Hapa Minnesota kwenye WMA, yaani Wildlife Management Area (si zile WMA za vijiji za kwetu Tanzania, hizi ni ardhi ya jimbo chini ya DNR, idara ya maliasili) kanuni ya msingi ni kwamba stendi ya kubebeka unaitoa kila siku saa za kuwinda zikiisha, kuna eneo la kaskazini magharibi lenye utaratibu wake wa kuacha usiku lakini wewe soma kijitabu cha kanuni cha mwaka huohuo usisikilize ya mtu dukani. Maana yake unafunga gizani asubuhi na unafungua gizani jioni, kila ukienda. Michigan wao kwenye ardhi ya umma wanakuruhusu kuiacha toka Septemba 1 mpaka Machi 1 ila iandikwe jina na anwani yako au namba ya leseni ya udereva, na hairuhusiwi kitu chochote kinachotoboa gamba kuingia kwenye mti wenyewe, kwa hiyo zile hatua za kuskrubu sahau.

Halafu kuna hili la urefu ambalo linawachanganya wengi hapa Minnesota. Sheria inakataza kumwinda kulungu ukiwa kwenye jukwaa lililojengwa juu zaidi ya futi 16, lakini stendi ya kubebeka iliyofungwa mtini kwa mnyororo, mkanda au kamba haiguswi na kikomo hicho. Haina maana uende futi 30 sasa. Ukipanda sana mshale unashuka kwa mteremko mkali, unaweza kupiga pafu moja tu na mnyama akakimbia mbali sana, na juu kule upepo unakutikisa bure. Futi 15 mpaka 20 inatosha, na mara nyingi shina nene au tawi nyuma ya mgongo wako linakuficha kuliko futi tano za ziada.

Haya, tuje kwenye zenyewe.

YA CHUMA

Hii ndo utaikuta kwenye kila duka kubwa, dola 70, 80, 100 hivi, uzito paundi 15 mpaka 25 (kilo 7 mpaka 11). Jukwaa ni mabomba na wavu wa chuma uliochomelewa, linashikwa na kebo mbili au mikanda pembeni, kiti cha sponji. Watu wanaidharau sana hii na mi siidharau. Ukiwa na shamba la jamaa, hela ya stendi moja ya kusubu inakununulia tatu za chuma, na stendi tatu zilizofungwa mapema sehemu tatu tofauti zina thamani kuliko moja nzuri, sababu ni upepo. Kulungu anakusikia harufu toka mbali kabla hujamuona, kwa hiyo upepo ukitoka kaskazini unakwenda ile ya kusini, ukigeuka unakwenda nyingine, hujashika hata bolti moja. Mwenye stendi moja ya dola 350 anabaki ama anakaa mahali upepo umemkataa ama anahamisha asubuhi na jasho linamtoka, na hilo jasho ndo harufu yenyewe.

Ubaya wake: kelele. Maungio mengi, bolti nyingi, chuma juu ya chuma, na baridi ikishuka chini ya sifuri zile kebo zilizovishwa plastiki zinalia ukihamisha mguu. Unaweza kupunguza kwa washa za nailoni kwenye kila bolti na tepu ya kitambaa kwenye mabomba, inasaidia kweli, ila haitakuwa kama ya kusubu. Pia nyingi za bei hii hazina marekebisho ya kuiweka sawa mti ukiinama, utafute mti uliosimama wima. Kuibeba maili moja kwenye kinamasi na zile kamba zao za mgongoni nyembamba, hapana, usijifanyie hivyo.

YA ALUMINIAMU YA KUSUBU

Jukwaa lote limemwagwa kwenye kalibu likatoka kipande kimoja, hamna wavu wa kuchomelea, hamna viungo vya kusuguana. Zinazojulikana zaidi ni za Lone Wolf, ile Alpha paundi 14 (kilo 6 na kidogo) yenye jukwaa la inchi 30 kwa 19.5, na Assault ambayo ni mdogo wake, paundi 11 (kilo 5), jukwaa inchi 26 kwa 19.5, zote zinabeba paundi 350. Kampuni nyingine nazo siku hizi zinatengeneza za namna hii, bei ni toka dola mia mbili na kitu kwenda mia nne kutegemea na jina.

Unacholipia hapa sio uzito tu. Kwanza ni ukimya. Pili, inakunjika bapa kabisa na vijiti vya kupandia vinalala juu yake, kifurushi kimoja chembamba ambacho hakikamati kila tawi ukipita vichakani. Tatu, na hili kwangu ndo la kwanza, jukwaa na kiti vyote vinarekebishika kwa mti ulioinama. Mtu ambaye hajawahi kukaa mtini haelewi uzito wa hili jambo. Jukwaa likiinama mbele hata kidogo, miguu inajizuia masaa yote bila wewe kujua, baada ya saa moja magoti yanawaka, unaanza kujigeuzageuza, na kulungu anaona mwendo kuliko anavyoona rangi. Miti ya kando ya mto karibu yote imeinamia maji. Kwa hiyo ukiniuliza nichague kitu kimoja cha kulipia zaidi, sio gramu, ni marekebisho ya kuinama.

Ubaya: kiti. Ni kipande cha sponji juu ya chuma kidogo, na kwenye Assault jukwaa ni fupi, ukiwa na buti za baridi namba 46 vidole vinachungulia nje. Kwa masaa matatu ya asubuhi sawa. Kwa kukaa toka alfajiri mpaka magharibi wiki ya pili ya Novemba wakati madume yanazunguka mchana kutwa, utaombea kitu kingine.

NYEPESI KABISA

Hapa ndo penye kelele nyingi sasa hivi na video nyingi, stendi chini ya paundi 10. Mfano Millennium M7 Microlite, paundi 8.5 (kilo 3.9). Wengine wanakata aluminiamu kwa mashine wanatoboa kila mahali pasipohitajika ili ipungue. Bei yake inapanda uzito ukishuka, kuna za dola mia tatu, nne, tano.

Mi naona watu wengi wanazinunua kwa hesabu ambayo hawajaimaliza. Chukua Assault ya paundi 11 na vijiti vinne vya aluminiamu vya paundi 2.5 kila kimoja, jumla 21. Chukua Microlite ya 8.5 na vijiti hivyohivyo, jumla 18.5. Tofauti paundi mbili na nusu, kilo moja na kidogo, ni chupa ya maji unayobeba na hujawahi kuilalamikia. Sasa chukua hiyohiyo Microlite na vijiti vya chuma vya bei poa ambavyo vinaweza kufika paundi 4 kila kimoja, jumla 24.5, mwenye Assault na vijiti vizuri amekuacha. Kwa hiyo uzito unapunguzwa kwenye vijiti kwanza. Ukitumia vitatu badala ya vinne, chini ya kila kimoja ukaning'iniza kamba yenye hatua ya kukanyaga, unafika urefu uleule na umeacha kijiti kizima nyumbani. Zizoee kamba hizo kwanza lakini, fanya mazoezi nyuma ya nyumba futi mbili toka ardhini mpaka mguu uijue, sio siku ya kwanza gizani.

Nani anaihitaji kweli basi? Anayetembea maili mbili tatu ndani ya ardhi ya umma kutafuta sehemu ambazo wengine wamechoka kufika, na anayebadilisha mti karibu kila siku. Huyo kila gramu anaisikia jioni akirudi, na pengine ana mnyama wa kuvuta. Kama gari lako linapaki hatua mia tano toka mtini unalipia sifa tu.

Na angalia mwili wako pia. Jukwaa dogo na kiti kidogo vinambeba mtu mwembamba vizuri, ila sisi wengine ambao Marekani imetunenepesha, ukisimama kuvuta upinde unataka mahali pa kupanua miguu. Kikomo cha uzito kilichoandikwa, mara nyingi ni paundi 300 (kilo 136), ni wewe na koti na buti na begi na upinde vyote pamoja, sio wewe ulivyopima asubuhi bafuni.

YA KUKAA KWA RAHA

Upande mwingine kabisa kuna kama Millennium M150 Monster, paundi 19.5 (karibu kilo 9), jukwaa inchi 24 kwa 37, kiti cha wavu uliovutwa ambacho kinakubembea, hakuna sponji ya kulowa maji. Ukikikalia hicho dukani hutaki kurudi kwenye kingine, na ndo maana nakuonya, dukani kila mtu anachagua kiti na porini kila mtu anabeba stendi.

Kuna jambo moja hapa ambalo halipewi sifa yake. Hizi za Millennium hufungi stendi moja kwa moja mtini, unafunga kwanza kibano kidogo kwa mkanda, ukimaliza unainua stendi unaichomeka kwenye kibano inaingia. Kwa mtu aliyewahi kupambana na stendi futi 18 juu, mkono mmoja umeshika mti mwingine unatafuta ncha ya mkanda nyuma ya shina, goti limezuia jukwaa lisidondoke, atakwambia hilo tu linaweza kumfanya abebe paundi tano zaidi. Halafu vibano vya ziada vinauzwa peke yake, unaviweka kwenye miti mitatu minne shambani na stendi moja inazunguka, bei inakuwa kama katikati ya kununua za chuma kadhaa na kununua moja ya kusubu. Kwenye ardhi ya umma ambako kila kitu kinatoka kila siku faida hiyo ya vibano vingi haipo, inabaki ile ya urahisi wa kufunga.

Ukiweka Alpha na Monster upande kwa upande, tofauti ni paundi 5.5. Kwa shamba ambalo unaipandisha mara moja, chukua Monster usifikirie mara mbili. Kwa kubeba kila siku, hizo paundi 5.5 pamoja na upana wake unaokamata kila kichaka, Alpha. Mtu wa kati, mwenye shamba dogo na anayekwenda WMA mara mojamoja, hapo ndo pagumu, na mi ningemwambia Alpha na mto mzuri wa kukalia wa dola 30 badala ya sponji yao.

MKANDA AU MNYORORO

Haraka tu. Mnyororo unalia, ni mzito, gizani ukikuponyoka ukagonga jukwaa kulungu wa kata nzima wamejua umefika, ila hauliwi na panya wala jua na mwizi unampa kazi. Mkanda ni kimya na mwepesi na unakaza vizuri zaidi, ila jua linaula taratibu, kindi wanautafuna, na kule kaskazini nungunungu wanafuata chumvi ya jasho lako, wanakula mkanda na kiti na vyote. Kwa kuhamisha kila siku mkanda. Kwa kuacha msimu mzima mkanda pia ila weka miwili na uitoe msimu ukiisha, usiuache mwaka mzima, mti unanenepa na mkanda unavutika mpaka unakatika ndani wakati nje unaonekana mzima. Mikanda badilisha kila baada ya miaka miwili hivi, ni dola chache, hata kama stendi yenyewe itakuzika na mjukuu aitumie.

UPINDE AU BUNDUKI

Mwenye upinde anahitaji kiti kinachonyanyuka kikalala mtini ili asimame mgongo ukiwa umegusa shina, na kiti kiwe juu kidogo, inchi 20 kwenda juu, maana kutoka kwenye kiti cha chini mpaka kusimama ni mwendo mrefu ambao kulungu atauona. Kiti cha juu unasimama kwa kuteleza tu. Mwenye bunduki anapiga amekaa, kwa hiyo kile cha chini na cha kuegemea kinamfaa zaidi, hapo ile ya raha inashinda tena. Stendi ya kufunga kwa kawaida haina reli ya kuegemeza bunduki mbele, kama unaitaka sana hiyo basi ngazi ndo yako. Anayevuta upinde kwa mkono wa kulia afunge stendi ili njia ya kulungu iwe upande wake wa kushoto, vinginevyo atajisokota kama kamba.

HELA YA KWANZA IENDE WAPI

Nimeiweka huku chini lakini kwenye bajeti iko juu. Hanesi ya mwili mzima. Ndani ya boksi la stendi kuna moja ya bure, inafanya kazi, ila mikanda yake inajisokota na gizani hujui mguu unaingia wapi, matokeo yake watu wanaiacha kwenye gari. Nunua moja ya kama vesti, dola 100 hivi, ambayo unaivaa nyumbani kabla ya koti. Mtu mwenye stendi ya chuma ya dola 80 na hanesi nzuri amenunua vizuri kuliko mwenye stendi ya dola 450 na ile ya boksi.

Na hanesi peke yake haitoshi, kwa sababu kwa stendi ya kufunga hatari kubwa iko njiani, kupanda na kushuka na ile hatua ya kutoka kwenye kijiti kuingia kwenye jukwaa. Kwa hiyo unahitaji na ule mkanda wa fundi wa nguzo za umeme, unazunguka mti na kushika kiunoni pande zote mbili, ndo unaokuacha na mikono miwili huru wakati unafunga vijiti na stendi. Ukishafika juu kamba ya mgongoni inafungwa mtini juu ya kichwa, fupi, ukikaa isiwe na ulegevu, maana ukidondoka hata futi tatu kabla haijakushika utaumia na utaning'inia chini ya jukwaa usilifikie tena. Mtu akining'inia muda mrefu kwenye hanesi bila kusogeza miguu damu inakwama chini, inaua, kwa hiyo mfukoni weka ile kamba ya kukanyaga ya kupumzisha miguu. Kwa stendi inayokaa msimu mzima shambani funga kamba ndefu toka juu mpaka chini yenye fundo la prusiki (linateleza ukilisukuma kwa mkono, linabana ukidondoka), unajifunga ukiwa ardhini na unapanda nalo, hutoki kwenye kamba hata sekunde moja. Kijiti cha mwisho kipite usawa wa jukwaa ili uwe unashuka kuingia, sio unapanda kuingia. Bunduki isiyo na risasi au upinde vinavutwa kwa kamba baada ya wewe kukaa na kujifunga, havipandi mgongoni.

Hanesi nyingi zina muda wake, watengenezaji wanasema miaka mitano toka tarehe iliyoandikwa kwenye lebo, kwa hiyo ile ya shemeji iliyoning'inia gereji toka enzi za Obama muachie shemeji.

SASA WEWE NI NANI KATI YA HAWA

Una shamba la kuwinda na bajeti ya dola 400 kila kitu: za chuma mbili, hanesi nzuri, kamba ndefu ya usalama kwa kila stendi, na vijiti vya chuma ambavyo hutavibeba mbali. Hapo hela imeisha na una upepo wa pande mbili.

Uko mjini, Brooklyn Park au Rochester, huna shamba wala jamaa mwenye shamba, unakwenda WMA jumamosi: ya kusubu, ukubwa wa Alpha kama wewe ni mkubwa, Assault kama ni mwembamba, na hela iliyobaki yote kwenye vijiti vyepesi. Hii ndo hali ya wengi wetu na hapa sina wasiwasi hata kidogo na jibu langu.

Unatembea mbali kweli, umeshawinda misimu kadhaa na unajua miti yako: nyepesi kabisa, utaifaidi. Kwa anayeanza hapana, maana inataka mtu anayejua kukaa bila kusogea na anayejua kuifunga sawa mara ya kwanza.

Una umri, mgongo unasema, au unamchukua mtoto wa miaka 12 kwa mara ya kwanza: ya raha kwa mzee, na kwa mtoto usimpe stendi ya kufunga kabisa, tafuteni ngazi ya watu wawili mkae pamoja. Mtoto haombwi kuvuka kutoka kijiti kwenda jukwaani gizani.

ZA MKONONI

Mwezi wa kwanza na wa pili watu wanauza zao mtandaoni kwa nusu bei, na ya kusubu hapo ndo pa kuipata maana aluminiamu haina kutu na jukwaa halina cha kuchakaa. Kabla hujatoa hela, kwanza tafuta jina na modeli kwenye tovuti ya CPSC, shirika la serikali ya Marekani la usalama wa bidhaa, stendi zilizorudishwa kiwandani zinatangazwa pale na wauzaji wengi hawajui kama yao imo. Likunje na kulikunjua jukwaa mwenyewe, usikilize. Pitisha kucha kwenye kila weldi ya ile ya chuma, ufa mwembamba unausikia kabla ya kuuona. Bolti zisizofanana na wenzake uliza kwa nini zimebadilishwa. Mikanda hata kama inang'aa ihesabu kama haipo, kata bei ya mipya. Na kwenye zile za kebo angalia pale kebo inapoingia kwenye kibano cha mwisho, ukiona uzi mmoja tu umekatika au kutu imechungulia kwenye plastiki, mrudishie hata kama anakupa bure, labda kama kampuni bado inauza kebo mpya za modeli hiyo, na hilo muulize akuoneshe kabla hamjapatana.